Binti wa Dirishani na Mashine ya Kufungua Mawasiliano

Risala ya wafanyakazi wa Kitengo cha Mtandao kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua mashine mpya ya ukaguzi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mganga Mkuu, wakuu wa idara, wauguzi mliochomoka wodini kuja kutusikiliza, na wewe fundi wa kampuni iliyotuletea mashine, uliyesimama hapo mlangoni kwa kuwa viti vimetuishia: wakubwa zetu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Kwa kawaida risala ya kitengo husomwa na mkuu wa kitengo. Leo sauti imemkauka, wenzangu wakanisukuma mimi, ambaye humu ndani naitwa Mwotaji kwa sababu nikikodolea macho skrini nasahau hata chai iliyo mkononi. Mkiona risala inaelea elea, lawama ziwaendee walionichagua.

Tulielekezwa tuanze na shukrani na tumalizie na maombi. Tutafuata utaratibu huo, ila kuna jambo moja halina subira. Mheshimiwa, kitufe kilicho mbele yako, hicho kilichofunikwa kitambaa, ukikibonyeza sasa, kuna binti kule juu wodi ya watoto ambaye alasiri hii hataweza kuongea na mama yake. Na kesho asubuhi binti huyo anapasuliwa moyo. Hatukusudii kukutibulia sherehe, maana tunajua umetoka mbali na umekuja kwa moyo mkunjufu. Tunaomba utusikilize hadi mwisho kabla hujanyoosha mkono.

KARIBU CHUMBANI KWETU

Karibu sana, mgeni rasmi. Kuna watu wamefanya kazi hospitali hii mpaka wakastaafu bila kujua kwamba chumba hiki kipo. Unashuka ngazi za nyuma ya stoo ya mashuka, unapita kwenye bomba linalodondosha, ukisikia mvumo kama wa mtu anayeguna wimbo aliosahau maneno yake, umefika. Dirisha hakuna. Baridi yote hii ni ya kupozea mashine. Sisi tunavaa masweta hata siku ambayo huko nje jua ni la utosi. Ukuta huu una makabati ya seva na swichi za kugawa mawasiliano, na vitaa vyake vya kijani havichoki kupepesa. Ukuta ule una skrini kubwa, na skrini hiyo ndiyo shamba letu.

Ukiitazama hutaona jina la mtu wala neno lolote. Utaona mistari. Kila mstari ni mawasiliano ya sehemu moja ya hospitali: yakiongezeka unapanda, yakipungua unalala. Asubuhi mstari wa mapokezi huamka kabla ya wote. Maabara hufuata, halafu dawa. Chumba cha eksirei kikianza kutuma picha, mstari wake unapanda ghafla kiasi kwamba mingine yote inaonekana imeinama kuupisha. Mchana, watu wakienda kula, yote hushuka pamoja, na hospitali nzima huonekana kama mtu aliyelala chali anapumua taratibu. Mwenzetu mmoja, fundi wa swichi ambaye tunamwita Dada Swichi, saa hiyo huongea kwa kunong'ona. Ukimuuliza kwa nini, anasema hataki kuiamsha. Huwa tunamcheka, kisha na sisi tunajikuta tunanong'ona.

Kwa kifupi, mgeni rasmi, kazi yetu ni kuhakikisha njia inapitika. Daktari akitaka picha ya mgonjwa, ifike. Mgeni mbaya akitaka kuingia, asipite. Hayo mawili tukiyaweza tunarudi nyumbani na roho nyeupe.

TULIKOTOKA

Zamani kidogo, mawasiliano yalipita waziwazi. Mtu wa mtandao akitaka kujua kwa nini njia imejaa, alifungua na kusoma: hii barua ya daktari, haya majibu ya maabara, huyu karani anamwandikia mchumba wake na kazi haiendi. Aliyetufundisha kazi hii alikuwa Babu Kebo, sasa yupo nyumbani anakula pensheni yake. Babu Kebo alijua nani anaumwa nini kabla hata mwenye ugonjwa hajaitwa kuambiwa. Ndani ya lifti alikuwa anatazama viatu vyake mpaka afike, kwa sababu hakuwa na uso wa kuwatazama watu. Alituambia siku moja kwamba kuona kila kitu kulimzeesha kuliko kazi yenyewe.

Kisha ukaja usimbaji. Leo karibu kila kinachopita kwenye intaneti hufungwa kwa fumbo pale kinapotoka, na hufunguliwa pale kinapofika. Sisi wa katikati tunaona bahasha tu: imetoka wapi, inaelekea wapi, uzito wake, na imepita saa ngapi. Kilichomo ndani hatukijui. Tulipoanza kuzoea hali hiyo tulijiona kama vipofu waliopewa kazi ya kuongoza magari. Njia ilikuwa inajaa, simu zinapigwa kutoka kila idara, watu wanafoka, na sisi hatujui tukate nini tuache nini. Babu Kebo yeye alifurahi. Alisema sasa atapanda lifti kama watu wengine.

TUNAYOJIVUNIA

Polepole macho yetu yakazoea giza lile. Tuligundua kwamba bahasha hata ikiwa imefungwa, mwendo wake unasema. Picha ya eksirei huja kwa kishindo na kuisha. Mazungumzo ya simu hutiririka kimya, huku na huko, kama watu wawili wanaopokezana ndoo. Sinema hushuka kwa mafungu: fungu, kimya, fungu, kimya. Tukaipa mistari majina ya utani, tukawa tunasalimiana nayo asubuhi. Mkuu wa kitengo aliwahi kumpigia mfamasia kumpa pole ya kuumwa, kwa kuona tu mstari wa dirisha lake la dawa unakwenda kichovu. Mfamasia akashangaa nani amemwambia.

Mwaka huu tulimnasa mwizi bila kufungua bahasha hata moja. Kompyuta ya ofisi ya dobi ilikuwa inatuma kifurushi kidogo nje ya hospitali, uzito uleule, kwa nafasi ileile, saa zote. Binadamu hatumii intaneti hivyo, mgeni rasmi. Binadamu anasoma, anapiga miayo, anaitwa na mwenzake, anarudi amesahau alichokuwa anatafuta. Mstari ule haukuwa na miayo. Tulikwenda, tukachomoa waya, ndani tukakuta kirusi kinamngoja bwana wake akipe amri. Dobi mwenyewe alikuwa likizo, na aliporudi alituletea sabuni ya shukrani.

Tunakushukuru wewe na Bodi kwa swichi mpya, kwa mafunzo mliyotupeleka, na kwa viti vyenye mgongo. Tunasema asante kutoka moyoni.

LILILOTUPATA

Sasa tufike kwa binti.

Alasiri moja tuliuona mstari mpya kutoka wodi ya watoto. Ulikuwa mpana, mzito, unakwenda na kurudi kwa wingi sawa, na ulidumu muda mrefu. Kesho yake ukarudi saa ileile, na siku iliyofuata pia. Umbo lake lilikuwa la video. Daktari wa mifupa alikuwa analalamika kwamba picha zake zinachelewa wakati huohuo, na maneno aliyotumia hatuwezi kuyasoma mbele ya wageni. Tukasema hao ni wauguzi wanapiga soga za video na jamaa zao. Tukaubana mstari.

Kuubana maana yake hatukuukata. Watu wa mtandao kote wanalijua jambo hili, na sote tulifundishwa hivyo: njia ikiwa ndogo, bana picha, acha sauti. Sauti ni nyepesi, inapenya hata kwenye upenyo wa sindano. Picha ikigandaganda watu wataendelea kusikilizana, na mwenye shida ya kweli hatakosa kuisema. Tulifanya hivyo kwa nia njema kabisa, mstari ukawa mwembamba, daktari wa mifupa akanyamaza, tukanywa chai.

Siku chache baadaye nesi wa zamu ya mchana alishuka kuulizia kama mtandao una tatizo. Kuna mgonjwa wake, binti wa kitanda cha dirishani, amegeukia ukutani na hataki kula. Amekataa kupasuliwa. Daktari wa moyo amesema hawezi kumwingiza chumba cha upasuaji mtoto anayepigana, kwani moyo wenyewe hauna nguvu za kupigana. Nesi alisema binti huwa anaongea na mama yake kila alasiri kwa kishikwambi, na siku hizi wanashindwa kuelewana. Tulimjibu kwa kujiamini kwamba sauti inapita vizuri, tumepima wenyewe.

Nesi akatutazama kama anayetafuta pa kuanzia. Akasema, "Binti ni kiziwi. Na mama yake ni kiziwi."

Dada Swichi alipanda ngazi kwenda kujionea. Sisi wengine tulibaki tunatazama ule mstari mwembamba, hakuna aliyekunywa chai. Alipofika alimkuta binti amekisogeza kishikwambi mpaka kinakaribia kugusa pua. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke aliyevaa barakoa, mkono wake umeganda hewani katikati ya neno. Binti alingoja. Mkono ukaruka, ukatokea mahali pengine, ukaganda tena. Alikuwa anaokota kidole hapa, kiganja pale, anajaribu kuunga sentensi ya mama yake. Akachoka, akakifunika kishikwambi na shuka.

Huyo mama naye ni mgonjwa wetu, yupo wodi ya kutengwa ng'ambo ya ua kwa ajili ya kifua kikuu. Haruhusiwi kuvuka kuja kwa mwanawe, wala mwanawe kwenda kwake. Kati yao kuna ua, maua kidogo, na nyaya zetu.

Tuliufungua mstari siku hiyohiyo. Picha za mifupa tukazitafutia njia ya pembeni, na daktari wake hajawahi kujua. Binti alikula. Baada ya muda alikubali kupasuliwa, kwa sharti moja: alasiri ya kuamkia upasuaji aongee na mama yake kwa nafasi, mpaka washibe. Alasiri hiyo ndiyo hii ya leo.

KUHUSU MASHINE HII

Habari hii ilipofika kwa wakubwa, walisema maneno ambayo hatuwezi kuyapuuza. Walisema, "Mngekuwa mnaona ndani msingekosea." Tena walisema wezi wa siku hizi nao wanajificha ndani ya bahasha zilezile zilizofungwa, na hospitali haiwezi kulala mlango wazi. Ndipo mashine ikaagizwa. Kila mawasiliano yakitoka au kuingia, itajifanya ndiyo mpokeaji, itayafungua, itayasoma, itayafunga upya na kuyapeleka. Tunaiheshimu nia hiyo. Hatuna kinyongo na mtu.

Lakini tuliijaribu, kama tulivyoagizwa. Programu anayotumia binti na mama yake hutoka nje kwenye intaneti na kurudi, na imeundwa kwa namna kwamba ikihisi kuna aliyeingia katikati, inakata yenyewe na haikubali kuunganisha tena. Tulimuuliza fundi wa kampuni, naye amekuwa muungwana sana kwetu, akatuambia inawezekana kuiambia mashine iache mawasiliano fulani yapite bila kufunguliwa. Ni kazi ndogo. Isipokuwa kanuni iliyopitishwa na Bodi inasema asiachwe yeyote, na kanuni hiyo hakuna anayeweza kuigusa ndani ya jengo hili ila wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti.

Tumewaza sana pia kuhusu ile kauli kwamba tungeona ndani tusingekosea. Tuseme mashine ingekuwepo siku ile. Ingefungua bahasha, nasi tungeona mwanamke amevaa barakoa anachezesha mikono, na mtoto kitandani anachezesha ya kwake. Hakuna hata mmoja wetu anayejua lugha ya alama. Tunajijua, mgeni rasmi: tungesema hao wanacheza tu, na tungeubana mstari vilevile. Kilichotuokoa ni nesi aliyeshuka na Dada Swichi aliyepanda.

Siku hizi Dada Swichi huenda kumsalimia binti akimaliza zamu. Juzi binti aliuliza, nesi akitafsiri, kama watu wa chini huona anachoongea na mama yake. Dada Swichi akamjibu kwamba hapana, tunachoona ni kwamba wanaongea, basi. Binti akasema kwa mikono yake, "Basi nitamwambia mama kwamba naogopa. Nilikuwa namficha, nilidhani mnaona."

Dada Swichi alirudi chini akakaa mbele ya skrini. Saa kumi ilipofika mstari wa binti ukaanza kupanda, mpana na mtulivu, huku na huko, huku na huko. Mimi Mwotaji nimeitazama mistari ya hospitali hii tangu nilipoajiriwa, nimewahi kuona mpaka mapambazuko ndani yake. Sijawahi kuona mstari uliodumu namna ile. Mtoto alikuwa anamwambia mama yake kwamba anaogopa, na mama alikuwa anamjibu, na hatujui alimjibu nini. Machozi yalitutoka, tunasema bila aibu.

MAOMBI YETU

Tulitayarishiwa orodha ya maombi: kiyoyozi cha pili, birika kubwa, na rangi ya ukutani. Tunayaacha kwa mwaka mwingine. Tunaomba mambo haya.

Tunaomba tuongezewe programu za ulinzi za kukaa kwenye kompyuta zenyewe, mule bahasha inamofunguliwa na mwenyewe, kwa maana kirusi hapo hakina pa kujificha. Njia tuachieni tuilinde kwa mwendo, uzito na mahali bahasha zinapokwenda. Tumeshaonyesha kwamba tunaweza.

Tunaomba ruhusa ya kwenda wodini. Kanuni ya sasa inamtaka mtu wa mtandao awe na kibali kilichosainiwa kabla ya kukanyaga wodi yoyote. Dada Swichi alikwenda bila kibali, na kama kuna adhabu tunaomba tuigawane. Mstari tusiouelewa, turuhusuni tukamuulize mwenye nao kwa upole, naye atuambie anachotaka kutuambia.

Na tunaomba, mgeni rasmi, usibonyeze leo. Mashine itabaki hapa, imelipiwa, haiendi popote. Ikipatikana nafasi ya kukaa na kuitengenezea kanuni, ili mazungumzo ya mgonjwa na mtu wake, na ya daktari na mgonjwa wake, yapite yamefungwa, tutakuwa wa kwanza kukukaribisha tena, na makofi tutapiga ya kweli. Lakini leo saa kumi imekaribia sana. Mama kule ng'ambo ameshakaa kitandani, amefuta kioo cha simu yake. Nesi ametuambia.

Tunatambua kwamba wewe ndiye mkubwa, nasi hatuna mkono wa kuushika mkono wako. Huenda kuna sababu ambazo watu wa chini hawazijui, na utaona ni lazima kazi ifanyike kama ilivyopangwa. Ikiwa ni hivyo, tunaomba upande kwanza ghorofani, wodi ya watoto, kitanda cha dirishani, umwambie binti wewe mwenyewe kwamba leo hataongea na mama yake. Nesi yupo hapa pembeni yangu. Amejitolea kukufundisha namna ya kulisema hilo kwa mikono. Neno mama, wanagusa shavuni. Leo, ni viganja viwili vikishuka. Hapana, unalijua. Nenda ukamwambie, Mheshimiwa, umtazame usoni akiwa anakusoma, kisha ushuke ubonyeze, nasi hatutasema neno.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wa kuwaona wajukuu wa wajukuu zako, auongoze mkono wa daktari wa moyo kesho asubuhi, na awaponye wote wawili, huyu wa upande huu wa ua na yule wa upande ule.

Ni sisi wako watiifu,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Mtandao, chumba cha chini, nyuma ya stoo ya mashuka.